Sio Kila Uchungu ni wa Kuvumilia

Kwa miezi mitatu vidio zangu zote zilianzia kiunoni kwenda juu. Kama ulikuwa unanifuata wakati huo na ukashangaa mbona siku hizi nakaa kwa kiti kama msoma taarifa ya saa moja, leo nakupa sababu. Chini ya hiyo meza kulikuwa na plasta ya mfupa kutoka vidoleni mpaka juu ya goti. Na hata plasta ilipotolewa, niliendelea kurekodi kiunoni kwenda juu miezi mingine miwili, ju mguu wenyewe nilikuwa nauonea aibu.

Wengi mliuliza na nikanyamaza. Sasa najibu, na sitafuti pole. Nataka tuongelee neno moja ambalo karibu sisi wote tumelelewa nalo. Vumilia.

Ilikuwa jioni ya mvua na barabara za Kayole ndani ndani unazijua, tope tupu. Nilikuwa nimebebwa na nduthi. Helmeti nilipewa nikakataa, ati inanuka jasho la watu. Kwa kona nduthi ikateleza, ikalala upande, na mguu wangu wa kulia ukawa chini yake. Hatukuwa hata tunaenda kasi. Huo mlio wa "kwach" wenye watu husimulia mimi sikuusikia. Nilijaribu tu kusimama na mguu ukakataa, ni kama mtu amezima stima kutoka goti kwenda chini.

Eksirei ilionyesha mstari umekata mfupa wa muundi, ule wa mbele ya mguu wenye ukigonga kwa meza unaona nyota. Daktari akaniambia nina bahati mara mbili: mfupa umevunjika lakini haujahama, na ngozi haijapasuka.

Hiyo ya pili sikuielewa. Mimi mguu umevunjika, unaniambia maneno ya ngozi? Kumbe ngozi ndio kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini, na kazi yake ya kwanza ni kuwa ukuta. Mfupa ukivunjika na ukuta uko sawa, ndani kunabaki safi. Ukitoboa ukatokea nje, bakteria wa tope wanaingia mpaka kwa mfupa, na kuwatoa huko ni vita vya miezi, wakati mwingine miaka. Ndio maana mtu aliyevunjika na kuna kidonda hapo hapo, hata kidogo, hapelekwi hospitali kesho. Anapelekwa sasa.

Nikafungwa plasta, nikapewa dawa za maumivu, nikarudi kejani. Nilidhani shida imeisha.

Usiku wa pili uchungu ulibadilika. Sijui nikuelezee aje. Uchungu wa kwanza ulikuwa pale mfupa ulipovunjika, ukikaa bila kusonga unatulia. Huu mpya ulikuwa wa mguu mzima, ndani kabisa, na haukujali kama nimetulia ama nimesonga. Dawa nilimeza, hazikushika. Vidole vikaanza kufa ganzi. Nikaanza kulia, na mimi si mtu wa kulia.

Mathe akakaa kando ya kitanda akanishika mkono. "Vumilia," akaniambia. "Mfupa ukivunjika lazima uume. Asubuhi tutaona."

Usimhukumu. Mathe amesimama sokoni miaka zaidi ya kumi na mgongo unaomuuma kila siku. Kwake kuvumilia ndiko kulitulisha, kukalipa nyumba na kukatupeleka shule. Hakuwa ananipuuza, alikuwa ananipa kitu pekee anachokijua.

Aliyeniokoa ni mama wa nyumba ya kando. Yeye hufanya usafi kwa wodi ya hospitali, na nadhani kelele zangu zilimtoa usingizini. Aliingia na leso, hakuuliza mengi. Akaniambia nichezeshe vidole vya mguu. Vikasonga kidogo sana. Halafu akashika kidole gumba akakivuta juu taratibu. Nilipiga nduru ploti nzima ikaamka.

"Mama, huyu hafiki asubuhi hivi," akamwambia mathe. "Mrudisheni saa hii."

Ilikuwa karibu saa nane usiku. Tulipofika hospitali hawakubishana na sisi. Walipasua ile plasta kutoka juu mpaka chini, wakakata na pamba na bendeji za ndani mpaka ngozi ikaonekana, wakaipanua. Ndani ya dakika chache uchungu ulishuka kama maji yanatoka kwa beseni. Daktari akakaa akinipima kila baada ya muda mpaka kukakucha, ju kama usingeshuka, hatua iliyofuata ilikuwa kunipeleka tieta na kunipasua.

Hii ndio sehemu nataka kila mtu aielewe. Misuli iliyo chini ya goti imegawanywa kwa vyumba vinne, na kila chumba kimezungushiwa utando mgumu. Ukikata nyama ya ng'ombe umewahi kuuona, ule mweupe unaokataa kisu. Huo utando haunyooki. Sasa mguu ukiumia, ndani kunavimba. Uvimbe hauna pa kwenda, presha inapanda, na ikipanda sana damu inashindwa kuingia. Msuli usiopata damu unaanza kufa kwa saa chache tu. Ukipita saa sita hivi, uharibifu unaweza kuwa wa kudumu. Ukiongeza plasta iliyokaza kwa nje, umefunga mlango na kufuli.

Daktari wa Ujerumani, Richard von Volkmann, aliandika kuhusu jambo hili mwaka wa 1881: mikono na miguu iliyofungwa bendeji za kukaza baada ya kuvunjika, misuli ikafa, vidole vikabaki vimekunjika maisha yote. Zaidi ya miaka 140 imepita na bado kuna mtu usiku huu ameambiwa avumilie mpaka asubuhi.

Shosho aliposikia, alipiga simu kutoka ushago akasema angejua mapema angenitafutia fundi wa mifupa wa kule. Siwezi kumcheka. Kuna watu wamenyooshewa mikono na hao mafundi na leo wanalima. Lakini hatari ni ile ile: vijiti na kitambaa kilichokazwa juu ya mguu unaovimba. Na mimi nilifungiwa hospitali, na mtu aliyesoma, na bado ikanitokea. Kwa hivyo usiangalie tu ni nani amekufunga. Angalia vidole. Uchungu unaozidi badala ya kupungua, dawa hazishiki, ganzi, uchungu mkali vidole vikinyooshwa: yoyote kati ya hizo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje mpaka mguu uwe baridi na mweupe, hizo dalili huja kama umechelewa.

Basi. Nikafungwa plasta nyingine uvimbe uliposhuka, nikaambiwa wiki kumi na mbili, zile za mwisho na plasta fupi ya chini ya goti.

Wiki kumi na mbili ni nyingi ukiwa huna la kufanya, kwa hivyo nilisoma kila kitu kuhusu mifupa. Nilikuwa nadhani mfupa ni kama nondo ya jengo, kitu kimekufa kinachoshikilia nyama. Wapi. Mfupa una damu, una neva, una seli zinazofanya kazi usiku na mchana. Kuna seli zinazobomoa mfupa mzee na zingine zinazojenga mpya, mahali pamoja, bila kupumzika. Kwa mtu mzima karibu asilimia 10 ya mifupa yake hubadilishwa kila mwaka. Ndio maana mfupa unaweza kujiunga wenyewe. Ukivunjika, kwanza damu inaganda pale. Halafu mwili unaweka gegedu, kitu laini kama cha sikio lako, kushikanisha zile pande mbili. Baada ya hapo hilo gegedu linageuzwa polepole kuwa mfupa, donge kubwa na baya, na miezi inayofuata, hata miaka, mwili unalichonga mpaka lirudie umbo.

Plasta haiponyeshi kitu. Kazi yake ni kumwambia mfupa "tulia, jenga." Daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alianza kutumia bendeji zilizopakwa unga wa jasi mwanzoni mwa miaka ya 1850, na wazo ni lile lile mpaka leo. Kujenga ni juu yako. Unahitaji protini na unahitaji kalsiamu, na hiyo haitaki pesa nyingi: omena unayemla na mifupa yake, maziwa, sukuma wiki. Unahitaji jua pia, kwa sababu ngozi ikipata jua inatengeneza vitamini D, na bila hiyo utumbo hauwezi kuchukua kalsiamu vizuri kutoka kwa chakula. Na kama unavuta sigara, jua kwamba mfupa wa mvutaji huchelewa kuunga, na mara nyingine hauungi kabisa. Vepu yenye nikotini pia haikusaidii.

Siku ya kutolewa plasta nilikuwa nimepanga kurekodi. Simu ilikuwa tayari. Ile mashine ya kukata inanguruma kama grainda ya jua kali, na nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Kumbe ule msumeno hauzunguki, unatikisika tu mbele na nyuma kidogo sana. Plasta ngumu inakatika, lakini ngozi inatikisika pamoja nao haikatiki.

Plasta ikafunguka. Sikurekodi.

Kwanza harufu. Halafu ngozi: kijivu, magamba, inatoka kama karatasi. Ngozi ya juu hujibadilisha kila mwezi hivi, seli zilizokufa zinapukutika ukioga na ukivaa nguo bila wewe kujua. Ndani ya plasta zilikuwa hazina pa kwenda, zimejipanga safu kwa safu. Na kulikuwa na alama ya kidonda mahali nilikuwa nimeingiza rula kujikuna. Usifanye hivyo, kidonda chini ya plasta hukioni mpaka kioze.

Lakini kilichonimaliza ni shavu la mguu. Halikuwepo. Mguu wa kushoto ulikuwa wangu, wa kulia ulikuwa wa mtu mwingine, mtoto wa darasa la tano hivi. Nilitandika suruali haraka kabla mathe aone, na alikuwa ameona.

Msuli ni mali ya kukodi, hiyo ndio njia rahisi ya kuuelewa. Ndani yake kuna nyuzi za protini zinazovutana, zikiteleza moja kati ya nyingine, hivyo ndivyo msuli unavyojifupisha. Hauwezi kusukuma, unavuta tu, ndio maana imepangwa kwa jozi, mmoja wa kukunja na mmoja wa kunyoosha. Kuitunza hiyo protini yote ni gharama. Mwili ukiona msuli hautumiki, unapunguza kodi. Haichukui miezi, wiki mbili za kutosonga zinatosha kupunguza msuli mpaka vipimo vionyeshe.

Mfupa nao una tabia hiyo hiyo. Mjerumani mwingine, Julius Wolff, aliandika mwaka wa 1892 kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaobebeshwa. Wanaanga wakikaa angani ambako mwili hauna uzito, wanaweza kupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Ndio maana kule juu wanafanya mazoezi karibu saa mbili kila siku, na si ya kutafuta sikspaki.

Sasa hapa ndipo nilifanya kosa langu mwenyewe, na hili siwezi kumsukumia mtu.

Niliambiwa niende fizio. Nikaenda mara moja. Mama wa fizio akashika kisigino changu, akakunja kifundo, na kikakataa kama mlango wenye kutu. Iliuma vibaya sana. Kichwa changu kikarudi kwa ule usiku wa saa nane. Nikajiambia: uchungu ni dalili ya hatari, si nimejifunza? Nikapotea. Pesa pia ilikuwa shida, usinielewe vibaya, lakini hata kama ingekuwa bure nisingerudi. Nikabaki kwa keja na magongo, naruka na mguu mmoja, narekodi kiunoni kwenda juu, naweka muziki wa furaha juu yake.

Wiki sita zikapita. Nilikuwa natembea na magongo juu ya mfupa uliopona.

Niliporudi kwa ule mama hakunigombeza. Aliangalia picha mpya ya eksirei, akaangalia mguu, akaniambia, "Kijana wangu, mfupa wako ulishapona. Kinachouma saa hii ni kazi."

Nimeifikiria hiyo sentensi sana. Usiku ule wa pili niliambiwa nivumilie uchungu ambao haukufaa kuvumiliwa hata saa moja. Miezi mitatu baadaye nikakimbia uchungu ambao ulikuwa wa kuvumiliwa. Ni mwili mmoja, mguu mmoja, na mara zote mbili nilikosea. Hakuna mtu aliwahi kunifundisha kwamba kuna tofauti. Sisi tumepewa neno moja kwa kila kitu: jino, moyo, tumbo la kila mwezi, mgongo, vumilia. Halafu mtandaoni tumeongezewa lingine, ati bila uchungu hakuna faida, na wasee wa jimu wanalivaa kwa fulana.

Basi wacha nikupe kile nimejifunza kwa bei ghali. Uchungu wa kazi unakuja ukifanya kitu na unapungua ukipumzika. Unaupata pande zote mbili, ama kwa msuli wote, na kesho kutwa unakuwa mdogo. Ukianza jimu leo, misuli kuuma kesho na kesho kutwa ni kawaida, ni nyuzi zilizochanika kidogo zikijirekebisha. Uchungu wa hatari hauna adabu hiyo. Unazidi ukiwa umetulia. Unakuamsha usiku. Unakuja na ganzi, na udhaifu wa ghafla, na homa, na uvimbe mkali. Na kama umepiga mazoezi ya sifa mpaka mkojo ukatoka rangi ya koka, huo si ushujaa: msuli umevunjika vibaya, protini yake imeingia kwa damu na inaziba figo. Hospitali, usingoje.

Na kama huwezi kutofautisha, tafuta mtu wa pili. Mwenye uchungu mara nyingi hawezi kujisoma. Mimi nilisomwa na mama anayefanya usafi wodini.

Kitu kimoja kutoka kwa zile wiki za kusoma kimekataa kunitoka. Mwaka wa 1973, mashariki ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu alipata mabaki ya mwanamke aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mifupa yake ya miguu na mikono ilikuwa imefunikwa na safu nene ya mfupa usio wa kawaida. Alan Walker, mmoja wa waliomchunguza, aliona kwamba safu kama hiyo huchukua wiki kadhaa kujijenga, na mtu katika hali hiyo hangeweza kujitafutia maji wala kufukuza fisi. Kwa maoni yake, kuna mtu alikaa naye. Wanasayansi bado wanabishana ugonjwa wenyewe ulikuwa gani. Mimi nabaki na huyo aliyekaa naye.

Mazoezi yangu ni haya: nasimama kwa korido ya ploti, nashika ukuta, nainuka kwa vidole vya mguu wa kulia peke yake. Siku ya kwanza sikuweza hata mara moja. Kisigino hakikutoka chini, ni kama kimegundishwa. Sasa hivi nafika kumi na nne, wa kushoto hufika ishirini na tano. Shavu linarudi pole pole. Mathe hukaa kwa stuli akichambua mboga na kunihesabia kwa sauti, na nikiishia kumi na mbili ananiangalia kama mkopeshaji.

Juzi nilimuuliza kuhusu mgongo wake. Nilimuuliza vile nimefundishwa kuuliza: unauma ukiwa unafanya kazi, ama hata ukiwa umelala? Akaendelea kuchambua mboga.

"Hata nikilala," akasema. "Na huu mguu wa kushoto siku hizi unakufa ganzi."

Tangu lini? Akasema tangu kabla ya ajali yangu. Hakutaka kusumbua mtu.

Alhamisi hatafungua kibanda. Tunaenda kuonwa, mimi na yeye, na tutapanda matatu, si nduthi.